Dalali Nyuma ya Lango

Kaka yangu hajui kunong'ona. Sisemi hataki, nasema hajui. Siku aliyozaliwa mimi nilikuwa kasichana kadogo nimekaa nje ya mlango, na kilio kilichotoka mle chumbani kilinifanya nitimue mbio kwa jirani nikamwambie mama amejifungua ndama. Nilichapwa kwa maneno yale. Mpaka leo naamini nilichapwa bure.

Sauti hiyo ndiyo imemlisha. Alianza kama mbeba mizigo kwenye ukumbi wa mnada ulioko nyuma ya soko, pale ambapo wanaohama, waliofiwa na waliofilisika hupeleka vitanda na makabati yao yauzwe. Siku moja mwenye mkokoteni alitaka kumkanyaga mguu, kaka akamfokea, na mwenye ukumbi akatoka ofisini mbio akidhani paa limeanguka. Alipoona ni mtu tu, alimwambia atue kabati alilobeba na apande jukwaani. Hajashuka tangu siku hiyo. Mji mzima unamwita Dalali. Hata mke wake, wifi yangu, humwita hivyo, na mimi dada yake nimejikuta nafuata.

Ukumbini ni mfalme, sitamnyima haki yake. Vioo vya kuuzwa huvigeuza vitazame ukuta, kwa sababu anasema mtu akishajiona uso hataki tena kununua kioo. Viti vinavyochoma matako huwakalisha wabahili, ili wachoke wapandishe bei waondoke. Na wanunuzi wazoefu pale hawasemi kwa mdomo, maana hawataki jirani ajue nani anagombea nini, wanatumia mikono. Kidole juu, ongeza. Kiganja chini, ngoja kwanza. Ngumi, nimeng'ang'ania, siachii. Jicho la kushoto la kaka liliumia zamani kwa kibanzi cha mbao, kwa hiyo upande ule haoni vizuri. Binti yake, tangu yuko shule ya msingi, alikuwa akitoka darasani anakuja kusimama kushoto kwake na kumsomea mikono ya watu. Hakuwa akisema neno. Akiona kidole kimeinuka kule nyuma, naye anainua chake pale pale mbele ya tumbo la baba yake, na Dalali anatangaza. Walifanya hivyo miaka mingi, mkono wa mtoto na sauti ya baba, na makabati yakauzika.

Taabu ilikuwa nyumbani, maana Dalali hakuuacha mnada ukumbini. Alinadi mpaka mezani. Wifi yangu akipelekwa hospitali, daktari akiuliza maumivu yako wapi, anayejibu ni Dalali. Mwalimu akimuuliza mtoto amekosea wapi kwenye hesabu, anayejibu ni Dalali, naye hesabu hajui. Hakuwa mkali. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Alikuwa tu anaona mtu anakaribia kusema, basi anamsaidia. Wifi ameishi naye miaka yote hiyo na sidhani kama amewahi kumaliza sentensi mbele yake. Mimi humaliza zangu, lakini mimi ni dada mkubwa na nina mdomo wangu.

Mtoto alikua kimya. Nilidhani ndiyo tabia yake mpaka siku nilipokwenda kumtazama akicheza mpira. Mtaani walikuwa wamempa jina la Kufuli, kwa kuwa akikaa golini hapafunguki. Nilikaa kwenye jiwe pembeni ya uwanja wa shule, na ghafla nikasikia sauti ya kike, kali, imenyooka, inawapanga mabeki: wewe huku, wewe mshike huyo, pandeni, pandeni! Niligeuka kumtafuta mwenye sauti. Kumbe ni binti wa kaka yangu.  Mtoto ambaye nyumbani akitaka chumvi huinuka akaichukua mwenyewe, huku alikuwa akiamrisha watu kumi na wote wanatii.

Sikumwambia baba yake. Nilijua angekuja kumsaidia.

Lakini siri ya uwanjani haifichiki. Kufuli aliitwa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na saba, wale waliokuwa wakiwania kufuzu kwenda fainali za dunia, na jina likasomwa redioni. Dalali aliusimamisha mnada akatangaza habari ile kama anauza ndege ya abiria. Raundi ya kwanza ilichezwa ugenini na nyumbani, tukapita kirahisi. Raundi ya pili, mechi ya nyumbani, Dalali alienda mwenyewe, akakaa nyuma ya benchi la ufundi.

Tulikuwa mbele kwa mabao mawili. Mpira mmoja mrefu ukatoka upande wa wageni, ukaja ukielea, na Kufuli alikuwa ametulia kwenye mstari wake anausubiri. Dalali akaruka juu. "Toka!" akanguruma. "Toka uufuate!" Na mtoto akatoka. Hakufikiri, miguu ilienda yenyewe; ile ndiyo sauti iliyomwamsha kila asubuhi tangu azaliwe. Mpira ukadunda mbele yake, ukampita juu ya kichwa, ukaingia golini polepole huku yeye akiugeukia. Tulipita kwa roho mkononi. Kocha, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, hakumgombeza mchezaji wake. Aligeuka nyuma akamtazama kaka yangu mpaka kaka yangu akakaa.

Jioni ile Kufuli alikuja kwangu, chumba ninachoshonea mapazia, akakaa juu ya marobota. Alilia kidogo kisha akafuta macho kwa kipande cha pazia la mteja.

"Shangazi, nikiwa golini nasikia kichwa changu mwenyewe," akaniambia. "Ni pale tu. Baba akija na pale, mimi nitakwenda wapi?"

Nilimpeleka kwa baba yake papo hapo, kabla ujasiri haujapoa. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, mechi ya mwisho uje. Nataka uje. Lakini ukae mbali na mimi na usifungue mdomo."

Dalali alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu. Wifi yangu, akiwa amesimama na birika mkononi, akasema, "Mwache amalize." Yalikuwa maneno mawili tu, lakini yalikamilika.

Mtoto akamaliza. Alisema akisikia tena sauti ya baba yake akiwa golini, ataacha mpira, kwa kuwa hawezi kuwa na makocha wawili, na mmoja wao hajui hata mpira unachezwaje. Kaka yangu aliumia, nilimwona. Alikaa chini kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Kisha akala kiapo kwamba hatatoa hata kikohozi.

Raundi ya mwisho ilikuja. Kule ugenini wasichana wetu walishinda bao moja kwa bila, nasi tukaimba mtaani mpaka mbwa wakachoka kubweka. Ilibaki marudiano ya nyumbani, na hesabu ilikuwa rahisi hata kwa Dalali: tukitoka sare, tunakwenda fainali za dunia. Wakitufunga, mambo yanageuka. Nchi yetu haijawahi kupeleka timu ya wasichana kokote. Kila mtu alitaka kuwa na ndugu kwenye timu ile, na sisi tuliokuwa naye kweli tulitembea vifua mbele mpaka ikawa aibu.

Kufuli alirudi kutoka ugenini na mafua. Sauti ilikuwa ikikwaruza. Wifi alimtengenezea chai ya tangawizi na asali, nami nikamfunga kitambaa shingoni, naye akasema ni kitu kidogo.

Siku ya mechi, Dalali alikuwa na mkakati wake. Timu zilipoingia akasubiri aone binti yake anakimbilia lango lipi. Alipoliona, alinishika mkono akanizungusha jukwaa zima, tunakanyaga watu na kuomba radhi, mpaka tukafika nyuma ya lango la upande wa pili kabisa, karibu na uzio wa waya. Akaketi, akajipangusa jasho. Alijiona ametenda jambo kubwa.

"Mbali kuliko hapa ni nje ya uwanja," akasema.

Nilimtazama. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka kumwona mtoto kwa karibu, na kwa kipindi kile cha kwanza niliketi nimemeza kicheko changu.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Wageni walikuwa wakali, hasa mshambuliaji wao mmoja mrefu ambaye kila krosi aliikuta kwa kichwa, lakini mabeki wetu walisogea pamoja, mbele na nyuma, na kwa mbali niliona mkono wa Kufuli ukipunga na mdomo wake ukiwaka. Watu wakaenda kununua maji, wakarudi. Timu zikaingia tena.

"Dada," kaka akaniambia, "mbona anakuja huku?"

"Wanabadilishana magoli."

"Tangu lini?"

"Tangu mpira uanze duniani."

Nadhani angenipiga kama si watu. Alijaribu kuinuka atoke, lakini jukwaa lilikuwa limejaa pomoni, hapakuwa na pa kuweka mguu. Akaivua kofia yake, akaikunja, akaing'ata. Hivyo ndivyo binti yake alivyomkuta: ameketi mita chache nyuma ya wavu, macho yamemtoka, kofia mdomoni. Kufuli alimwona. Hakusema kitu.

Baada ya muda mfupi tukaelewa kwa nini. Wageni walipiga mpira wa juu, na mabeki wetu wawili wakaukimbilia wote, wakagongana vichwa, mpira ukaanguka kwa yule mrefu, naye akaupiga ukagonga mwamba. Jukwaa zima likapiga ukunga. Kufuli alikuwa amefungua mdomo kuwaita, nilimwona koo likimtutumka, lakini hakuna kilichotoka. Sauti ilikuwa imekwisha. Zile kelele za kipindi cha kwanza zilikuwa zimemaliza akiba yote.

 Mabeki wale walikuwa wamefundishwa kumsikiliza yeye tu. Kocha alikuwa mbali, upande mwingine, na vuvuzela zilikuwa zinalia kama nyuki. Beki mmoja alimgeukia na kumuuliza kwa mikono: vipi? Naye akagusa koo, akatikisa kichwa. Wageni wakabisha hodi tena, na tena. Mara Kufuli alitoka akaudaka mpira miguuni mwa mtu. Mara aliusukuma kwa ncha za vidole. Kila mara mabeki walikuwa wamechelewa hatua moja, kila mmoja anafuata akili yake.

Mpira ukatoka nje, ukabingirika mpaka kwenye uzio wetu. Kufuli akaufuata. Alipoinama kuuokota alikuwa ana kwa ana na baba yake, wametenganishwa na waya tu. Akamtazama kwa muda mrefu kuliko mwamuzi alivyopenda. Kisha akaweka kiganja chake mgongoni, akainua kidole kimoja, akakielekeza kwa mabeki. Akagusa midomo yake mwenyewe. Akamnyooshea baba yake kidole.

Kaka yangu akatoa kofia mdomoni. "Mimi?" akauliza.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Halafu akakunja uso, akajipiga kifua mara mbili kwa ngumi. Mimi nilielewa, na kaka alielewa vilevile: ya kwangu. Useme ya kwangu.

Akarudi langoni na mkono mmoja nyuma ya mgongo. Kiganja kikashuka.

"TULIENI!" Dalali akanguruma.

Jamani. Watu waliokuwa mbele yetu waliinama. Vuvuzela za upande ule zilinyamaza zenyewe. Mabeki wanne wakageuka kama wameitwa na mama zao, wakamwona Kufuli akiwapungia: ndiyo, huyo, msikilizeni huyo. Kidole kikainuka. "PANDENI!" Wakapanda, wote kwa pamoja. Ngumi. "MSHIKENI HUYO, MSIMWACHIE!" Kidole gumba kushoto. "KUSHOTO!" Wageni walitazamana, lugha yetu hawaijui, nao walidhani tumeweka spika. Mwamuzi alitupa jicho jukwaani, lakini mtu aliyeketi kwenye nafasi yake akipiga kelele, kosa lake ni lipi?

Kwa muda uliobaki nilikuwa natazama vitu viwili, mkono wa yule mtoto na koo la kaka yangu. Hakukuwa na nafasi kati yavyo. Mkono ukisogea, sauti imetoka. Niliwaona tena wakiwa ukumbini, yeye na kamkono kake mbele ya tumbo la baba, na nilitaka kuwaambia watu wote walioketi pale kwamba hawa ni wa kwetu. Nadhani niliwaambia. Lango likafungwa, safari hii kwa komeo.

Lakini mtu hazaliwi upya kwa nusu saa. Kila mara kaka aliona jambo lake. Pembeni yangu nilisikia pumzi anaivuta ili aongeze la kwake, nami nikambana ubavu. "La kwake," nikamwambia. Akameza. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

Zikabaki dakika za nyongeza. Wageni wakapata mpira wa adhabu, upande wa kulia, mahali pabaya. Wakapanga watu wao wote mbele. Hata kipa wao alivuka mstari wa kati. Mabeki wetu wakasimama mstari mmoja mbele ya eneo la hatari. Na yule mrefu, nilimwona akijitenga kidogo kidogo, akajificha nyuma ya mgongo wa beki wetu wa mwisho, upande ule wa mbali, ambako hakuna aliyekuwa naye.

Dalali naye alimwona. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Kufuli akageuza shingo, akamtazama baba yake mara moja, haraka. Kisha akageukia mpira. Kiganja kilikuwa chini.

"TULIENI," kaka akasema. "TULIENI."

Mpigaji akaanza kukimbia. Kiganja kikageuka, kidole kikapaa juu.

Pandeni. Kaka yangu hajui sheria ya kuotea; kwake yeye, kupanda pale ni kumwachia yule mrefu lango zima, yeye na mtoto wake peke yao. Niliuona mdomo wake ukifunguka na nikajua kabisa neno lililokuwa limekaa ndani yake. Rudini. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mimi mwenyewe nilifumba macho.

"PANDENI!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, na nimemsikia tangu siku ya kwanza. Wakapanda, wote wanne, mguu mmoja. Mpira ukapigwa. Yule mrefu akabaki nyuma yao, pweke, akaruka, akaupiga kichwa safi sana, ukaingia kwenye kona ya juu na Kufuli hakuinua hata mkono. Wageni wakaanza kukumbatiana.

Nilifumbua macho nikamtafuta mshika kibendera. Alikuwa amesimama wima kwenye mstari, kibendera juu, hakitikisiki. Kufuli naye alikuwa ameshaweka mpira chini, anasubiri kuupiga, kana kwamba anangoja watu wamalize mambo yao.

"Ni nini? Ni nini?" kaka alikuwa akinitikisa. "Wametufunga?"

"Ameotea! Si bao! Dalali, si bao!"

Kipenga cha mwisho kilipolia sikukisikia, niliwaona tu watu wakiruka uzio. Yule kocha asiyecheka ovyo alikuwa amelala chali kwenye majani, anacheka na mawingu. Wasichana walikuwa wamerundikana katikati ya uwanja, na mtu asiyejulikana alinibusu kwenye paji la uso, nami nikambusu. Tulikuwa tunakwenda fainali za dunia. Nilisema maneno hayo kwa sauti mara nyingi ili niyazoee, na hayakuzoeleka.

Kufuli hakwenda kwanza kwa wenzake. Alikuja kwenye waya. Sauti yake ilikuwa upepo tu, tukalazimika kusogeza masikio.

"Ulimwona yule mrefu," akasema.

"Nilimwona," kaka akajibu.

"Nilikutazama usoni. Nilijua unataka kusema rudini."

"Lilikuwa hapa." Kaka akagusa meno yake.

"Mbona hukusema?"

Nilisubiri hotuba. Ningempa nafasi siku hiyo, angenadi uwanja mzima na nyasi zake na nisingemkanyaga mguu. Kaka yangu alimtazama binti yake, amejaa matope mpaka nyusi, glavu zimechanika.

"Lango ni lako," akasema.

Kufuli alivua glavu moja, akapitisha vidole kwenye matundu ya waya, na baba yake akavishika. Walikaa hivyo huku watu wakitupigia kelele kila upande, na mimi nililia waziwazi, sikutafuta hata leso.